Zimamoto na uokoaji kwenye uwanja mdogo wa ndege: mwongozo kwa wanaojitolea

Kila kikundi kipya kinapoanza mafunzo, maswali huwa yale yale. Tuanze na maji au poda? Kioo cha ndege kinavunjika kwa panga? Mafuta yakimwagika bila moto kuwaka, tufanye nini? Na lile linaloulizwa kwa sauti ya chini: sisi hatuna gari la zimamoto, tutaweza kweli? Nimeyapanga majibu hapa kwa kufuata kazi yenyewe, ili ukija siku ya kwanza ya mazoezi uwe umeshajua unaingia kwenye nini.

Entebbe kuna kikosi kinachokaa tayari usiku na mchana. Lakini ndege ndogo za Uganda hutua pia Kajjansi, Kisoro, Kihihi, Kidepo, na kwenye vipande vya nyasi vya misheni na mashamba. Kwenye kiwanja cha nyasi, anayeifikia kwanza ndege iliyoanguka ni mkata nyasi, askari wa geti, mtu wa kujaza mafuta, au kijana wa boda aliyekuwa akimsubiri abiria wake. Ninyi ndio ninaowaandikia.

Kabla ya lolote, lishike hili: hukuja kuiokoa ndege. Umekuja kufungua njia ya watu kutoka, na kuishikilia iwe wazi mpaka wa mwisho atoke. Ndege ikiteketea yote lakini watu wako nje, mmefanya kazi.

Nasema hivyo kwa sababu ya hesabu. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, katika Kiambatisho cha 14, hupanga viwanja kwa madaraja kulingana na ukubwa wa ndege. Daraja la 1 ni la ndege zisizofika mita 9 kwa urefu. Humo mna Cessna 172 na Cessna 206. Kiwango chake, kwa povu la ubora wa B (moja ya ngazi ambazo ICAO hupimia povu), ni lita 230 za maji, zitoke kwa kasi ya lita 230 kwa dakika, pamoja na kilo 45 za poda. Ukigawanya utaona: ni dakika moja tu ya povu. Cessna Caravan ndefu, 208B, ina karibu mita 12.7, kwa hiyo iko daraja la 3: lita 1,200, yaani jerikani 60 za lita 20, nazo huisha kwa dakika moja na ushee. Upande wa pili, bati la alumini la ndege likizingirwa na moto wa mafuta linaweza kutoboka ndani ya dakika moja hivi. Ndiyo maana ICAO hutaka kikosi kiweze kufika sehemu yoyote ya njia ya kurukia ndani ya dakika 3, na hupendekeza 2. Hata wenye magari makubwa hawana muda wa kupoteza. Wewe mwenye pikapu na jerikani huna kabisa, hivyo ulichonacho kiende mlangoni, si kwenye mkia.

Kabla hujaanza

Ruhusa kwanza. Zungumza na meneja wa uwanja, naye awasiliane na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda (UCAA), akajue uwanja wenu unatakiwa kuwa na nini. Nendeni pia polisi. Hapa Uganda zimamoto iko chini ya polisi, kwa hiyo afande wa zimamoto wa eneo lenu ndiye mtakayemkabidhi tukio akifika. Mwalikeni aje auone uwanja kabla ya ajali: geti liko wapi, daraja linabeba lori lake au halibebi, maji yanachotwa wapi. Mwelezeni na mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, maana siku hiyo yeye ndiye atakayesikilizwa na wanakijiji.

Kila mmoja wenu apate mafunzo ya huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu wa Uganda huyatoa. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asiwekwe mbele kwenye moshi. Redio, maji na kuzuia umati ni kazi kamili, si kazi za kumpoza mtu.

Vifaa vya kuanzia:

- Mitungi ya poda kavu ya kilo 9, angalau mitano ili mfikishe zile kilo 45, au mmoja mkubwa wa magurudumu pamoja na midogo miwili.
- Pikapu yenye tangi la maji, pampu ya petroli, mpira wa maji usiovuja, na nozeli inayoweza kubadilishwa kutoka mkondo hadi manyunyu.
- Dawa ya povu.
- Shoka, mtaimbo, msumeno wa chuma, mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, ngazi fupi, na visu viwili vya kukatia mikanda ya viti.
- Machela, blanketi za sufu, sanduku la huduma ya kwanza, na jerikani za maji safi ambazo hazitumiki kwa kingine ila kupoza majeraha ya moto.
- Redio mbili za mkononi, filimbi, tochi.
- Ovaroli za pamba nzito, glavu za ngozi, buti, helmeti yenye kioo cha kufunika uso.

Kuhusu nguo sina mzaha. Jezi ya mpira, koti la nailoni, soksi za poliesta: vyote hivyo huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Pamba na sufu huungua bila kuyeyuka. Na kama hamna mitungi ya kupumulia, hakuna anayeingiza kichwa kwenye moshi. Kitambaa kilicholowa puani hakizuii hewa ya sumu hata kidogo.

Maandalizi

1. Tembea uwanja wote kwa miguu, kisha uchore. Weka alama mahali pa soksi ya upepo (ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unavuma kuelekea wapi), ghala la mafuta, mageti, mitaro, kinamasi, vichuguu, na sehemu ambazo pikapu hukwama mvua ikinyesha. Gawa njia ya kurukia vipande kwa namba au kwa vitu vinavyoonekana, kama mwembe au tangi. "Kaanguka kule" haimsaidii dereva. Halafu pima muda: pikapu itoke inapokaa hadi kila mwisho wa njia, kwenye kiangazi na kwenye matope. Ikizidi dakika 3, hamisha pikapu ikakae katikati.

2. Gawa kazi, si vyeo. Watu sita wanatosha kwa zamu moja. Kiongozi husimama pale anapoona kila kitu na hashiki mpira wala mtungi. Wawili ni wa moto: mmoja nozeli, mmoja nyuma yake akivuta mpira na kumshika bega. Wawili ni wa milango na watu. Mmoja ni wa redio, simu na pampu. Kosa la kawaida ni kiongozi kuingia kazini kwa mikono yake. Akishainama tu, hakuna tena anayetazama upepo.

3. Kubalianeni maneno ya amri. Kikundi kimoja kinaweza kuwa na Mganda, Mwacholi, Mkaramoja na Mnyankole, na mtu akishtuka hurudi kwenye lugha ya mama yake. Chagueni maneno matano mafupi ya Kiswahili na mshikamane nayo: MAJI, PODA, NJE, RUDI, KIMYA. "Rudi" ikitamkwa na yeyote, wote wanarudi nyuma bila kuuliza. "Kimya" ni ya kuzima kelele ili msikie aliyenaswa ndani. Yarudieni kila zoezi mpaka mtu aitike kabla hajafikiri.

4. Zijue ndege zinazotua kwenu. Hapa ndipo vikundi vingi hupita haraka, na hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko mahali pengine. Muombe rubani akuzungushe kwenye ndege yake injini ikiwa imezimwa. Mashuleni tumeona picha za ndege, lakini mkono wako haujawahi kushika kitasa cha mlango wake.

Kwa kila aina ya ndege andika: milango iko wapi na hufunguka vipi, matangi ya mafuta yako wapi, betri iko wapi, mafuta hufungwa wapi. Kwenye Cessna 172 swichi kuu ya umeme ni nyekundu, iko kushoto kwa rubani. Kitufe chekundu cha kuvuta, kinachochanganya mafuta na hewa, kikivutwa hadi mwisho injini hufa. Kifungio cha mafuta kiko sakafuni katikati ya viti. Kwenye Caravan vifungio vya matangi viko juu, darini. Caravan ina milango ya mbele pande zote mbili, mlango mpana wa mizigo nyuma kushoto, na mlango wa abiria wenye ngazi nyuma kulia. Zote hizi zina mabawa juu na mafuta ndani ya mabawa, kwa hiyo bawa likipasuka mafuta humwagika hapo hapo karibu na mlango.

Sasa Cessna 206. Mlango wa mbele ni mmoja tu, kushoto kwa rubani. Abiria wa nyuma hutoka kwa mlango wa mizigo wa kulia, ambao una vipande viwili. Yale mabamba ya nyuma ya bawa ambayo marubani huyaita flapu yakiwa yameshushwa, kama yanavyokuwa wakati wa kutua, hukizuia kipande cha mbele cha mlango huo. Kinafunguka upana wa vidole vichache tu, kisha kinagonga flapu. Mtu asiyejua huvuta na kuvuta, akidhani umejibana. Njia ni hii: fungua kipande cha mbele mpaka kinapogota, ingiza mkono kwenye ule upenyo, tafuta kishikio chekundu kilicho kwenye ukingo wa mbele wa kipande cha nyuma, kisokote, kisha sukuma kipande cha nyuma kifunguke. Fanya hivyo kwa macho, halafu fanya ukiwa umefumba macho. Muombe rubani ashushe flapu ili muone tatizo lenyewe. Kuna watu duniani waliozama ndani ya ndege za aina hii zikiwa nzima, kwa sababu hawakuujua mlango huo.

Kioo cha ndege ndogo si kioo, ni plastiki ngumu. Panga hudunda katikati. Piga kona, karibu na fremu, kwa ncha ya shoka, na uchague dirisha lililo mbali na uso wa mtu.

Ndege nyingine, kama Cirrus, zina parashuti ya ndege nzima inayorushwa na roketi. Tafuta kibandiko cha onyo kwenye bodi. Ukikiona, usikate wala usipige shoka karibu yake.

5. Jifunze poda na povu kwa mikono yako. Poda huuangusha moto haraka sana, lakini haipoozi kitu. Chuma kikibaki cha moto na mafuta yapo, moto hurudi. Povu hufunika mafuta na kuzuia mvuke wake usipae. Kwa hiyo poda hukupa nafasi ya kusogea, povu huishikilia nafasi hiyo. Uliza muuzaji kama poda yako inapatana na povu lako, maana poda nyingine huvunja povu.

Mtungi: vuta pini, lenga chini kabisa mwa moto, bana, fagia kushoto na kulia. Mtungi wa kilo 9 huisha kabla ya nusu dakika. Anayeanza kubonyeza akiwa bado anakimbia hufika na mtungi mtupu.

Dawa ya povu ya asilimia 6: lita 6 kwa lita 94 za maji. Ya asilimia 3: lita 3 kwa 97. Kwenye pipa la lita 200 ni lita 12 au lita 6. Soma kibandiko cha dumu, usikisie. Ukirusha povu usilichome ndani ya mafuta kama unayekoroga. Liangushe mbele ya moto au kwenye ubavu wa ndege, lijimwage lenyewe taratibu. Mkondo mkali wa maji matupu kwenye dimbwi la mafuta huusambaza moto, na mara nyingi huusukuma kuelekea walio ndani.

Mazoezini tumieni maji. Mapovu mengi ya zamani yana kemikali zenye florini ambazo haziozi ardhini. Zinashuka hadi kwenye visima na vinamasi tunavyokunywa. Mnaponunua upya, ulizeni povu lisilo na florini.

6. Washeni moto wa mazoezi, lakini mdogo. Chukueni pipa lililokatwa kwa urefu, wekeni maji, juu yake dizeli kidogo. Dizeli iwashwe na kitambaa kilichofungwa kwenye mti mrefu, upepo ukiwa mgongoni mwa anayewasha. Petroli peke yake haitumiki kamwe; mvuke wake hukuzunguka kabla hujajua. Fyekeni nyasi kulizunguka pipa, mwambieni afande na LC1 siku moja kabla, na mtu mmoja asimame na mtungi uliojaa ambao si wa zoezi. Kila mmoja azime kwa poda, kisha ageuke? Hapana: arudi kinyumenyume macho yakiwa kwenye moto. Huo ndio uzoefu mkubwa wa siku hiyo.

Siku ya ajali

7. Piga simu kabla ya kukimbia. Wa redio apige 999 au 112 mara moja, aseme uwanja gani, geti lipi, ndege ya aina gani. Kisha amuulize yeyote anayejua, iwe rubani mwingine au ofisi ya kampuni yenye ndege, mambo matatu: watu wangapi wamo, mafuta kiasi gani, mzigo gani. Atangaze kwenye redio ya uwanja kwamba njia imefungwa. Ndege nyingine inaweza kuwa inakuja kutua, na pikapu yenu itakuwa katikati ya njia.

8. Karibia upepo ukiwa mgongoni. Tazama soksi ya upepo, au rusha vumbi. Simamisha pikapu mbali, mahali pa juu kuliko mafuta yanapotiririkia, pua yake ikitazama njia ya kuondokea. Waangalie walio chini kabla ya magurudumu kufika: waliorushwa nje hulala kwenye nyasi ndefu.

Kisha propela. Iwe inazunguka au imesimama, ichukulie kuwa hai. Injini ya pistoni yenye joto inaweza kuwaka ghafla ukiisogeza propela kwa mkono. Usipite mbele yake, usiiegemee. Kwa helikopta, njoo kwa mbele rubani akuone, usipite mkiani, na ikiwa kwenye mteremko usitokee upande wa juu.

Kama matairi au breki zinafuka, usisimame ubavuni mwa gurudumu. Njoo kwa mbele au kwa nyuma yake.

Hakuna moto lakini mafuta yanavuja? Hiyo ni hatari ileile, imechelewa tu. Petroli ya ndege, ile ya rangi ya samawati, huwaka hata kwenye baridi. Jet A-1, mafuta ya injini za turbini, yasiyo na rangi au ya manjano hafifu, huanza kutoa mvuke unaoshika moto kuanzia nyuzi 38 za Selsiasi, na lami ya saa nane mchana huzidi hapo. Funika kwa povu, mtungi mmoja uwe umeelekezwa tayari, simu zote zizimwe.

9. Shikilia njia, toa watu. Nozeli ielekee mlangoni na ubaki hapo. Usizifuate ndimi za moto mkiani. Wa milango wafungue, wazime swichi kuu ikiwa mkono unafika, wamuite kila mtu kwa sauti. Anayeweza kutembea aelekezwe upande upepo unakotoka, mita mia moja au zaidi, na akabidhiwe mtu wa kumshika asirudi kutafuta begi.

Mkanda wa kiti hufunguliwa kwa kuinua kifuniko chake. Kata tu ukishindwa. Ndege ikiwa imepinduka, mtu ananing'inia kwa mkanda huo: mshikeni mabega na kiuno kwanza, ndipo mkate, la sivyo ataangukia shingo. Kama hakuna moto wala mafuta, usimvute haraka. Tuliza kichwa chake, subiri machela. Kama kuna moto, mvute kwa makwapa utoke naye. Mgongo utatibiwa akiwa hai.

10. Panga majeruhi. Wanaotembea upande mmoja. Asiyepumua vizuri au anayevuja damu nyingi huhudumiwa kwanza, hata kama mwingine anapiga kelele zaidi. Damu: bonyeza kwa nguvu. Majeraha ya moto: maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na saa, funika kwa kitambaa kisafi. Si siagi, si dawa ya meno, si yai, si barafu. Andika jina au alama ya kila mtu na gari lililomchukua. Kisha hesabu: idadi uliyopewa kwenye redio ilingane na ya waliopatikana. Isipolingana, rudini mkatafute nyasini.

11. Zuia umati. Watu watakuja, na baadhi watakuja na jerikani. Oktoba 2024 kule Kigogwa, kwenye barabara ya Kampala hadi Gulu, lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukawakuta hapo hapo. Mwenyekiti wa LC1 na watu wake waweke mstari mapema, kwa kamba, mbali na pale mafuta yanaponukia.

12. Kabidhi, kisha usiguse. Afande wa zimamoto akifika, kiongozi amweleze kwa sentensi chache: wangapi wametoka, wangapi bado, mmetumia nini, hatari gani zimebaki. Mabaki yaachwe yalivyo. Wachunguzi watataka kuona kila swichi ilivyokuwa. Kama uliigusa kwa ajili ya kuokoa, sema ni ipi na uliigeuza kutoka wapi kwenda wapi.

Mambo yakikwama

*Pampu haiwaki.* Mara nyingi ni petroli iliyokaa miezi tangini. Iwashe kila wiki dakika kumi, na ubadilishe petroli mara kwa mara. Siku yenyewe, usihangaike na kamba kwa zaidi ya mivuto michache, hamia poda.

*Mtungi umebonyezwa, poda inatoka kwa kukohoa.* Mitungi inayopanda pikapu kwenye murram hutikisika mpaka poda ikashikana chini. Kila mwezi igeuze juu chini na uigonge kwa kiganja. Mshale wa kipimo usipokuwa kwenye kijani, upeleke ukajazwe.

*Moto ulizimika ukarudi.* Ulitumia poda bila kufuatisha povu, au ulirudi nyuma mapema. Mtungi wa pili uwe mkononi mwa mtu kabla wa kwanza haujaisha.

*Upepo umegeuka.* Kiongozi aseme RUDI, mzunguke, muanze upya. Usibishane na moshi.

*Nyasi zimeshika moto kuizunguka ndege.* Kiangazi hutokea mara nyingi. Wawili wapige kwa matawi mabichi au magunia yaliyolowa, wakianzia upande uliokwisha kuungua, wakifuata ubavu wa moto. Mpira wa maji usiache mlango kwa ajili ya nyasi. Kinga ni kufyeka kingo za njia mapema na kuondoa nyasi zilizokatwa.

*Redio haifiki mwisho wa njia.* Weka mtu wa katikati wa kupokea na kurudia, au tumia filimbi: mlio mmoja simama, milio mingi rudi.

*Mtu kaganda.* Hutokea hata kwa hodari. Mguse bega, muite kwa jina, mpe kazi moja ndogo: "Shika mpira huu." Akishindwa, mwondoe bila kumkaripia. Siku chache baadaye kaeni pamoja mzungumze, na anayeshindwa kulala apelekwe kwa mhudumu wa afya.

*Watu wameacha kuja mazoezini.* Mazoezi ya Jumamosi nzima huchosha. Fanyeni nusu saa siku ambayo ndege inatua, jambo moja tu: leo milango, siku nyingine mpira. Nauli ya boda na chai vilipwe na uwanja. Zungumza na meneja mapema.

*Vifaa vimeazimwa.* Hili ndilo tatizo sugu. Pikapu imebeba matoke, jerikani ziko kwenye ujenzi, mtaimbo uko shambani kwa mzee fulani. Paka vyote rangi nyekundu, viwe na sanduku lake lenye kufuli, ufunguo mmoja kwa askari wa geti na mwingine kwa kiongozi wa zamu. Kila asubuhi kabla ya ndege ya kwanza, mtu wa zamu ajaze tangi, apime matairi, ahesabu mitungi na aweke sahihi daftarini. Kikikosekana kitu, meneja aambiwe kabla rubani hajaruhusiwa kutua.